Hatua Tisini za Bi Perusi

Hii nimeletewa na dada yangu. Nimeisoma mara mbili, nikaona si vizuri nibaki nayo peke yangu.

Binti mmoja mtafiti, jina lake Vumilia, aligawa saa za mkononi zinazohesabu hatua kwa watu arobaini huko Mpwapwa. Chuo chake kilitaka kujua kama saa hizo zinamfanya mtu atembee zaidi. Kila jioni hesabu ya kila mmoja ilimfikia kwenye simu.

Wiki ya kwanza Bi Perusi aliwashinda wote. Ana miaka sitini na tatu, anauza mchicha akipita nyumba kwa nyumba. Hatua elfu tisa, elfu kumi, kila siku.

Halafu Jumatatu moja zikaja tisini tu. Kesho yake sabini. Wiki iliyofuata, mia moja na ishirini.

"Ama saa imeharibika, ama mama ameichoka," profesa wake alimwambia. "Nenda kaichukue tumpe mwingine."

Vumilia alimkuta Bi Perusi ndiyo kwanza anatua beseni la mchicha, limebaki tupu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Mkononi hakuwa na saa. Vumilia akamuuliza iko wapi.

Bi Perusi akainamisha macho. "Najua nimekosea. Mlisema nisimpe mtu. Njoo uone."

Nyuma ya nyumba palikuwa na kamba iliyofungwa kutoka mlango wa jiko hadi kwenye mpera. Mumewe, Mzee Madeje, alikuwa ameishikilia. Kiharusi kilimwangusha mwaka uliopita, na tangu hapo alikuwa mtu wa kitandani, uso kaugeuzia ukutani. Sasa alivuta mguu wa kulia, akapumzika, akavuta tena. Saa ilikuwa mkononi mwake.

"Nilimvalisha kwa utani tu," Bi Perusi alisema kwa sauti ya chini. "Siku ile alikwenda chooni na kurudi, nimemshika. Jioni akaniuliza, 'Ngapi?' Tangu augue alikuwa hajaniuliza kitu. Nikamwambia tisini. Akasema, 'Kesho mia.' Mimi, mwanangu, natembea hata bila saa. Yeye ndiye aliyehitaji kuhesabiwa."

Vumilia akafungua simu akazitazama upya zile namba. Tisini, sabini, mia na ishirini, mia tatu, jana mia nne na kumi. Walidhani ni mama aliyechoka. Kumbe ni baba anayejifunza kutembea.

Bi Perusi akaanza kumvua mumewe saa, taratibu.

"Bado sijamaliza," mzee alisema kwa shida.

Vumilia akasogea pembeni, akampigia profesa, akamweleza yote bila kuficha. 

"Kwenye utafiti hesabu hizo zifute, hazitufai," profesa akasema. "Saa mwachie mzee. Barua ya kuiombea ruhusa chuoni nitaandika mwenyewe."

Vumilia akarudi, akamfunga mzee saa kwa mikono yake. Mzee akaishika kamba tena.

Simu ilikuwa bado haijakatwa. "Vumilia," profesa aliuliza, "leo amefikisha ngapi?"

"Subiri kidogo, profesa. Bado anatembea."

Funzo: Namba itakuambia mtu amefika wapi. Alivyohangaika kufika hapo utajua ukimfuata kwake, ukaketi, ukamsikiliza.