Wali Mweupe wa Mize

Sogeeni, wenye masikio! Mize alikuwa mzazi, yuko ndani kwenye arobaini yake, na wifi yake Sikitu ndiye aliyempikia. Kila siku akamletea wali mweupe, mtupu, kutoka kwenye chungu cha ajabu kisichokwisha.

“Wifi, hata mchicha?”

“Mzazi huenziwa kwa wali. Kula.”

“Hata maharage?”

“Kula.”

“Hata kidagaa kimoja?”

“Kula, wifi yangu, kula!”

Mize akala, akajiona malkia. Lakini magoti yakalegea, macho yakaingia kiza, maziwa yakakauka.

Siku ya kutoka nje, zimwi likabisha hodi. “Anayeweza kusimama namwacha. Asiyeweza ni wangu!”

Mize akainuka, akaanguka. Akainuka tena, akaanguka. Mara ya tatu hata kichwa hakikunyanyuka.

“Wifi, nishike mkono!”

Sikitu akatoka jikoni, midomo inang’aa mchuzi wa samaki. “Zimwi halitoi chungu bure, wifi,” akasema, akafungua komeo.

Mize hakulilia zimwi. Alilia kwa harufu ya mchicha wa nazi kwenye mkono uliofungua mlango.

Yangu yameishia hapo. Nanyi angalieni sahani, kisha mwangalieni anayewapakulia.