Ngoma Iliyohama Kinuni

Paukwa!

Pakawa!

Mnaitika kama mmelazimishwa. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sasa tunaelewana. Hapo zamani za kale, katika mji wa Shinyago, punda wote walifungwa nira, wakazungusha kinu cha mafuta ya ufuta cha Bwana Fisi. Walizunguka kushoto, kushoto, kushoto, tangu jua kuchomoza mpaka jua kuzama.

Siku moja Mfalme Tembo akaandika barua: nira zote zivuliwe! Fisi akaisoma, akaikunja, akaikalia. Akaikalia mavuno mawili mazima, mwizi yule! Punda wako huru, na hawajui. Mpaka Hondohondo akapita, akatua juu ya kinu.

"Nyie, mmezipenda hizo nira au vipi?" akauliza. "Kwingine kote zimeshakuwa kuni!"

Basi siku ile nira zikavuliwa. Na kila mwaka, siku kama hiyo, punda wakawa wanavaa shanga, wanapika mtama kwa nazi, wanacheza ngoma kukizunguka kinu: kulia, kulia, kulia, wafumue mizunguko yote ya zamani. Fisi naye huja, huketi kiti cha mbele, huanza yeye kupakuliwa. Hana haya.

Lakini kisima cha mji kilikuwa ndani ya boma la miti, na ufunguo wa mlango ulining'inia kiunoni mwa Fisi. Yeye na jamaa zake walikunywa asubuhi. Punda walifunguliwa mlango jioni, wakakuta tope.

Mwaka mmoja, asubuhi ya sikukuu, Bi Riziki, punda mzee, akawa hoi kwa tumbo la tope. Mganga Kobe akamtazama, akasema, "Dawa yake ni maji safi. Leo hii, si kesho."

Siwazuri, binti wa Bi Riziki, akaenda mbio kwa Fisi.

"Shikamoo, Bwana Fisi."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba ndoo moja ya maji. Mama anaumwa."

"Jioni, mwanangu. Utaratibu ni utaratibu. Na usiniharibie sikukuu, mimi ndiye niliyewafungua."

"Wewe? Wewe uliikalia barua!"

Akatoka anatweta kwa hasira. Ngoma ikaanza, Siwazuri akiongoza mstari. Akafika kinuni, akakipita.

"We Siwazuri!" akaita Babu Faki, mpiga ngoma. "Kinu kiko huku!"

"Kinu tumekimaliza, babu. Leo tunazunguka kisima."

"Fisi atakasirika, mjukuu wangu."

"Na mama atakufa."

Babu Faki akajivika ngoma shingoni, akafuata. Ngoma ikalia ndu! Punda wote wakarusha mateke nyuma, wakalipiga boma. Wakazunguka mara ya kwanza, boma likatikisika. Mara ya pili, likainama. Mara ya tatu, likaanguka lote chini, puu! Ukabaki mlango peke yake umesimama, na kufuli lake.

Fisi akaja mbio, sahani mkononi. "Subirini! Subirini nifungue!" Akahangaika na ufunguo, jasho linamtoka, wakati kushoto wazi na kulia wazi.

"Fungua tu, Bwana Fisi," akasema Siwazuri. "Sisi tumeshaingia."

Shinyago nzima ikacheka, hata jamaa zake Fisi wakacheka, wakiziba midomo.

Bi Riziki akaletwa, akashikwa huku na huku. Akanywa. Akapumzika, akanywa. Akapumzika tena, akanywa mpaka masikio yakasimama.

"Ala!" akasema. "Kumbe maji ya mji huu ni matamu!"

Akainua kichwa, akatazama mbali, kwenye majani mabichi ya bondeni.

"Na lile boma la kule malishoni," akauliza, "ni la nani?"

Babu Faki hakungoja jibu. Akakaza kamba za ngoma yake, akapiga, ndu!

Hadithi yangu imeishia hapo. Wao bado wanacheza.