Vyura wa Plastiki na Meno ya Fisi

— Niingie?
— Ingia, na uongo wako uvue viatu!

Waliokuwapo kisimani Mkongani siku ile: Nguchiro. Kobe. Bibi Kanga na vifaranga wake. Pimbi, namaanisha wa mawe, maana wa miti huitwa perere. Sange mwenye pua ndefu. Si panya, msimchanganye. Mwanahanga, binti yake Sange, akilia. Na Fisi.

Kisima kilikuwa kimoja tu, naye Fisi alikikalia. Kila nyumba iliyotaka maji ilitoa mtoto. Siku ile ilikuwa zamu ya Sange.

"Mlete, we pua!" Fisi akasema.

"Bwana mkubwa, kabla hujala, hebu tazama."

Asubuhi lori lilikuwa limeangusha gunia barabarani, na Sange alikuwa amelikokota hadi pale. Akatoa chura wa plastiki, wa kijani, mwenye ufunguo ubavuni. Akazungusha: kri, kri, kri. Akamwachia: tapu! tapu! tapu!

Kobe akatoa shingo yote, jambo asilolifanya mbele ya Fisi.

"Hana roho," Bibi Kanga akanong'ona, "naye anaruka!"

"Nipe!" Fisi akasema.

"Nipe jino."

"Jino langu?"

"Huu ni mchezo wa watoto, bwana. Anayecheza ni mtoto. Na mtoto akitupa jino juu ya paa, si huota jingine?"

Fisi akakumbuka. Kweli, mama yake alimwambia hivyo. Akang'oa jino, nga! Akalitupa juu ya paa la kibanda chake. Kri, kri, kri. Tapu! tapu! ta... Ufunguo ukakatika.

"Amekufa!"

"Wapo wengine," Sange akasema, akamwaga gunia.

Hapo ndipo walipostaajabu. Vyura walikuwa wengi kama kumbikumbi, na ukiacha rangi, wote walikuwa mmoja: jicho lile lile, tabasamu lile lile, hata kovu lile lile kidevuni.

Pimbi akauliza taratibu, "Mama yao ni nani, aliyewazaa wote hawa asimpe jina hata mmoja?"

Fisi alikuwa amekwisha kunyoosha mkono.

"Nipe mwekundu!" Jino, nga! Kri, kri. Tapu! ta...

"Nipe wa njano!"

"Mwenzetu, ni yule yule," Nguchiro akamwambia.

"Huoni huyu ni wa njano?" Jino, nga! Kri, kri. Ta...

Ikawa hivyo mpaka kinywa kikabaki ufizi mtupu.

"Thatha mlete mwanao," Fisi akasema.

Akamtia Mwanahanga kinywani. Mnya, mnya, mnya. Mwanahanga akatokea pembeni mwa mdomo, mzima, ameloa mate, anacheka.

Wakanywa maji wote, bila kutoa mtoto. Fisi akakaa kati ya vyura waliovunjika, akitazama paa, akingoja meno yaote. Mvua ikaja, mchwa wakaja. Kibanda kikaoza, gunia likaoza. Vyura hawakuoza. Wangali pale, wanatabasamu, na hata mchwa huwazunguka kwa adabu.

Mafunzo yake, enyi wazazi: nunueni vitu vinavyovunjika upesi. Kitu imara humfundisha mtoto kutosheka, na watoto wakitosheka, wenye maduka watalala njaa.

Hadithi yangu inavaa viatu, inaondoka.

— Na Fisi je?

Fisi alifariki Jumatano.