Chumvi Isiyo na Mwenyewe

Paukwa!

Pakawa.

Mmejibu kinyonge. Ninyi mliokaa nyuma mna nini? Nasema tena: paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sasa mko macho. Wewe unayetafuna muhindi, tafuna polepole. Kuna mahali utataka kusikia.

Hapo zamani za kale palikuwa na msitu, na mvua ilikuwa imeugomea msitu huo. Majani yalikauka. Wanyama walikula, walishiba, lakini ndimi zao zilitamani kitu. Zilitamani nini? Chumvi! Mchana chumvi, asubuhi chumvi, hata usingizini mtu analamba midomo.

Msituni humo kulikuwa na desturi. Chui akikukuta njiani, anakukimbiza. Akikushika, wewe ni wake. Ukimshinda mbio, unaishi. Lakini penye mwenyewe hupiti bila kupiga hodi. Na aliyekuitikia karibu hakudhuru. Hata pangoni kwa Chui, Kima akipiga hodi akaitikiwa, aliingia akatoka na mkia wake mzima.

Sasa huyo Chui. Hakuwa mzee. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa mvivu! Nalisema mapema kwa sababu nawajua, mtaanza kumtetea.

Siku moja alimkimbiza Funo, akamkosa. Akamkimbiza Ngiri, akamkosa. Akakaa chini, ulimi nje, hehe, hehe, hehe. Akasema, "Kwa nini mimi niwafuate? Waje wenyewe."

Akapanda mlimani. Akang'oa bonge la chumvi, akalisukuma kwa kichwa. Biringi, biringi, biringi, mpaka kwenye uwazi chini ya mkwaju. Akaliacha hapo. Akapanda mtini, akalala juu ya tawi, kimya. Upepo ukaipitisha harufu ya Chui huko juu kwa juu, wa chini wasiinuse.

Wa kwanza kuja alikuwa Kima. Akalamba. Akapiga kelele, "Chumvi! Jamani, chumvi!" Wakaja. Wakaja wengi. Wakaimba:

Chumvi ya nani?
Haina mwenyewe!
Ya nani, ya nani?
Haina mwenyewe!

Siku hiyo Chui hakumgusa mtu. Siku ya pili hakumgusa mtu. Aliwaacha wazoee. Siku ya tatu alibaki mmoja nyuma, kijana wa Funo, amezama kulamba, macho amefumba kwa utamu. Puu! Siku ya nne, puu! Siku ya tano, puu! Waliopotea hawakuonekana tena, na waliobaki wakasema, "Labda wamehama." Wakaendelea kuimba haina mwenyewe.

Katika msitu huo aliishi Mama Mbawala na binti yake mmoja tu, Madoa. Huyo Madoa alikuwa mdogo, miguu mirefu, na alikuwa ameipenda chumvi kupita maziwa. Asubuhi moja alimtoroka mama yake. Mama akamfuata mbio. Alipofika ukingoni mwa uwazi, akamwona Madoa yuko kando anachezea kipepeo, na penye bonge la chumvi yuko Mama Funo, shoga yake wa miaka mingi. Kabla hajamwita, puu! Chui alikuwa ameshuka juu ya mgongo wa Mama Funo. Ulimi wa shoga yake ulikuwa bado uko juu ya chumvi.

Mama Mbawala akamsukuma Madoa vichakani. Akakimbia naye bila kugeuka. Walipofika mbali akalia mpaka sauti ikakauka.

Jioni akawaita wenzake. Akawaeleza. Ngiri akakoroma, "Mama Madoa, pole sana. Lakini Chui ni chui. Ametula tangu enzi za babu zetu. Leo amekosa nini?"

Swali lilikuwa gumu. Hata wewe wa muhindi umeacha kutafuna.

Kisha Mama Mbawala akasema, "Shemeji Ngiri, mume wangu aliliwa na Chui. Alikimbizwa toka bondeni hadi mtoni, akashikwa. Nililia, lakini sikulalamika. Chui alitoa jasho, na mume wangu alipewa nafasi yake. Mama Funo hakupewa nafasi. Amekaribishwa kwenye chakula, akauawa akiwa anakula. Huko si kuwinda."

"Basi tusiende," akasema Kima. "Kazi imekwisha."

"Wewe umeweza?"

Kima akajikuna. Midomo yake ilikuwa na chumvi bado.

"Na mwanangu hawezi," akasema Mama Mbawala. "Nimemfunga kwa maneno, anatoroka. Nimemlilia, anatoroka. Kesho au keshokutwa nitamkosa. Kwa hiyo kesho naenda mwenyewe, tena mchana kweupe, na ninyi mtakuja nyuma yangu. Nitapiga hodi."

Ngiri akacheka, "Hodi kwa nani? Chumvi haina mwenyewe!"

"Ndiyo maana. Kitu kilichowekwa kina aliyekiweka. Nitapiga hodi mara tatu. Asipojibu, tunageuka sote, hakuna anayelamba. Akijibu, tumemjua alipo."

"Na akijibu halafu akaruka?"

"Nitakuwa mbele mimi."

Basi wakakubaliana.

Kesho yake jua likiwa utosini, wakaenda. Mama Mbawala mbele, Madoa ubavuni, Ngiri na Kima na wengine nyuma. Tapu, tapu, tapu.

Akasimama ukingoni. "Hodi!"

Kimya. Juu ya mkwaju Chui akafungua jicho moja.

Madoa akanyoosha shingo kuelekea chumvini. Mama akamzuia kwa bega. "Hodi wenyewe!"

Kimya. Mkia wa Chui ukaanza kucheza. Alikuwa na njaa. Alifikiri, nyama yote ile, mbona haisogei? Ngiri akanong'ona, "Hayupo. Turudi, au tulambe." Mama Mbawala akavuta pumzi, akaita kwa nguvu zake zote:

"Hodiii!"

Hebu ngojeni. Nikisema hodi, mnajibu nini?

Karibu!

Mmeona? Midomo yenu imejibu kabla hamjafikiri. Na Chui naye alizaliwa na mama, mama aliyemfunza adabu tangu yuko kitoto kisichojua kupanda mti. Alijaribu kuuma meno. Akachelewa. Huko juu kwenye mkwaju ikasikika:

"Karibuni!"

Lo! Wanyama wote wakainua macho. Wakamwona, manjano na madoa yake, amejiziba mdomo kwa kucha.

"Ahsante," akasema Mama Mbawala. "Shikamoo, Bwana Chui."

Chui akababaika. "Mara... marahaba."

"Kumbe chumvi ni yako."

"Ni... nimeiweka tu."

"Umetuita karibuni. Wamesikia wote. Sisi ni wageni wako." Akamwacha Madoa nyuma. Akaenda peke yake, hatua kwa hatua, mpaka chini ya lile tawi. Akainamisha shingo. Akaanza kulamba.

Jamani! Mgongo wake wote ulikuwa wazi. Chui akajikunja. Kucha zikatoka. Gome la mti likakwaruzika, kwaru, na vipande vikamwangukia Mama Mbawala mgongoni. Madoa akalia, "Mama!" Mama hakuinua kichwa. Alilamba.

Kima ndiye aliyesema. "Bwana Chui, wewe una mke na watoto wawili pangoni. Ukitoka, wanabaki peke yao, na sisi sote tunapajua. Hakuna aliyewahi kuingia bila hodi. Ukimuua uliyemwitikia karibu, hodi imekufa. Na ikifa, imekufa na kwako."

Chui akatulia. Akatazama upande wa pangoni. Akatazama mgongo wa Mama Mbawala. Kucha zikarudi ndani, moja moja. Akashuka, akakaa chini, kichwa kainamisha.

"Nimechoka kukimbia," akasema.

Mama Mbawala akainua kichwa sasa. "Na mimi nimechoka. Nakimbia hivyo hivyo. Chagua, Bwana Chui. Unataka kuwa mwenyeji, tulishe na utuache twende. Unataka kuwa mwindaji, achana na mti, uje kwa miguu yako. Usitulishe kwa mkono huu na kutuua kwa mkono huu."

"Nikija kwa miguu, utanilaani?"

"Nitakukimbia. Basi."

Chui akainuka. Akaondoka kwenye uwazi polepole, na hakurudi mpaka bonge lile lilipolambwa likaisha. Toka siku hiyo wanyama wakikuta chakula kimewekwa mahali, hupiga hodi kwanza. Isipojibiwa, huenda zao, hata mate yawadondoke.

Mvua ikanyesha. Majani yakaota. Chui akarudi kuwinda kwa miguu. Alimkimbiza Mama Mbawala mara nyingi, akamkosa mara nyingi. Miaka ikapita. Asubuhi moja, Mama Mbawala akiwa mzee, Chui alimtimua toka bondeni. Waliruka kijito, wakapita kichuguu, wakapanda mwinuko, wakashuka mwinuko. Chini ya mwinuko goti la Mama Mbawala likakataa. Chui akamshika.

Ngiri akaenda kumpa pole Madoa, ambaye sasa alikuwa mtu mzima mwenye mtoto wake. Ngiri akasema kwa hasira, "Safari hii tumlaani Chui, sote."

Madoa alikuwa akilia. Akatikisa kichwa. "Hapana, baba mdogo. Mama alikimbia."

Akapangusa machozi, akamwita mtoto wake waende wakajifunze kuruka kijito.

Nimewaona wakubwa mmeinama. Kuna baba mmoja hapa amekohoa, na mimi najua nani humwaga mahindi kando ya shamba jioni kisha akajificha na upinde. Sikutaji. Ila sikia, na watoto nao wasikie: mnyama ukimtaka, mfuate, mvizie, tumia miguu yako na akili yako, naye atumie zake. Usimlishe ili umuue. Anayekula chakula chako amekuamini, na aliyekuamini si windo.

Hadithi yangu imekomea hapo. Aliyeelewa ajirekebishe, na asiyeelewa amuulize mwanawe.