Nani Avishwe Koti la Mzee Obadia?

Sogeeni. Na wale wenye tabia ya kukata kesi kabla haijaisha wakae hapa mbele, nipate kuwaona.

Mzee Obadia Mlowe wa kule Njombe alikuwa na watoto watatu. Zabroni, mkubwa, alikuwa mpasua mbao mwenye mgongo usiojua kuchoka. Tamari, wa kati, alibaki nyumbani kulima viazi, naye alikuwa na kumbukumbu ya ajabu. Rahabu, kitinda mimba, alikuwa mbishi. Msicheke, ubishi nao ni kipaji.

Mzee alipigana vita vya Kagera, na wenzake saba hawakurudi. Yeye alirudi, akaoa, akalima shamba la mteremko lenye ngazi saba, kila ngazi akaipa jina la mwenzake mmoja. Mkewe akimuuliza kazi imefika wapi, alijibu, "Leo tumepalilia mpaka kwa Shamte." Na kila Siku ya Mashujaa alivaa koti lake la jeshi, akaenda mnarani, akasimama wima na kuwaita wote saba kwa sauti. Wengi wao walikufa bila kuacha mtoto. Asipowaita yeye, hawaitwi na mtu.

Alipofika miaka themanini na minne, mwili ulimwasi. Mwezi Juni aliacha kula, akageukia ukutani.

Rahabu akahamia chumbani kwa baba yake. Mzee akisema hataki uji, Rahabu anasema uji umeshapoa, kwa hiyo hauna sababu ya kukataliwa. Mzee akisema aachwe afe, Rahabu anamjibu, "Ruhusa ya kufa umeomba kwa nani? Gwaride la Mashujaa ni tarehe ishirini na tano Julai." Wiki tano alimlisha, akamkanda miguu, akamsimamisha kila asubuhi. Mzee alimtukana sana, lakini alisimama.

Siku yenyewe ikafika, ukungu umetanda, baridi inakata masikio. Gari walilopanda mzee na wanawe likakuta daraja la magogo limekatika. Dereva akasema, "Poleni, mwisho hapa." Zabroni akateremka garini. Aliinama, akampakia baba yake mgongoni, akashuka mtoni, akapanda mlima, kilomita sita. Msidhani mzee aliyekonda ni mwepesi. Mbebeni wa kwenu mjaribu. Hatua mia moja kabla ya mnara, mzee akamwambia, "Nishushe, mwanangu. Siwezi kufika mbele ya wenzangu nimebebwa kama kuni." Akatembea mwenyewe, polepole.

Akasimama. Akapiga saluti. Akaita, "Mbedule! Masatu! Shamte!" Kisha kimya. Jina la nne haliji. Watu wakaanza kutazamana, na machozi yakamtoka mzee mbele ya umati. Tamari akasogea nyuma yake, akamuuliza kwa sauti ya shambani, "Baba, leo tumepalilia mpaka kwa nani?"

"Kwa Shamte."

"Na kesho?"

"Kesho kwa Kiondo," akasema mzee, na sauti ikamrudia. "Kiondo! Haule! Ngonyani! Bakari!" Saba wote.

Alipoketi, alifungua vifungo vya koti akasema, "Hili ni la aliyenifikisha siku ya leo. Mwakani yeye ndiye atakayesimama pale." Hawakumuuliza ni nani, walidhani wakati upo. Siku ya tano akafariki.

Siku ya kuanua tanga, baba yao mdogo, Tito, akasimama na koti. Katika ukoo ule vazi la marehemu halikatwi wala halivaliwi kwa zamu. Anayevishwa ndiye anayeshika nafasi yake mpaka afe. Mzee mmoja akanong'ona kwamba koti ni la mwanamume. Marehemu hakusema hivyo, basi tusimsemee.

"Bila mimi angekuwa kaburini tangu Juni," alisema Rahabu. "Maiti haiendi mnarani."

"Na aliye hai asiyeweza kutembea, anaendaje?" akauliza Zabroni.

"Na aliyefika akanyamaza," alisema Tamari, "amefika kufanya nini?"

Hakuna aliyerudi nyuma. Kila mmoja alimpenda baba yake, na kila mmoja alikuwa amesema kweli. Baba mdogo aliwatazama wote watatu, jasho likamtoka na baridi yote ile.

Ukimvisha mmoja, wawili watarudi nyumbani wakiamini kwamba walichomfanyia baba yao hakikutosha. Usipomvisha yeyote, mwakani wale saba hawataitwa.

Haya, ninyi wepesi wa kuamua, baba mdogo amechoka kulishika koti. Mpokeeni. Mnalitandaza mabegani mwa nani?