Kivumbi Asiye na Mdundo

Wewe unayebetua midomo, itunze mpaka nimalize. Maji ya chemchemi hii unayokunywa bila kuuliza yalipatikana kwa mikono ya mtu mmoja, na aibu ya tulivyomtendea tumeirithi pamoja na maji.

Zama za mababu, kabla hatujazika mtu katika nchi hii, alizaliwa Kivumbi mwana wa Mkoma, mjukuu wa Ng'anzi mchimba visima; Kivumbi Mdaka-Mbali, Kwato za Swala. Enzi hizo tuligombea chemchemi na watu wa ng'ambo kwa mpira wa majani ya mgomba: mmoja anarusha, mwenziwe anakimbia pembeni, anaudaka juu ya vichwa vya wapinzani na kuuvusha mpaka wao. Upande ulioshinda ulimiliki maji mwaka mzima. Kila mwaka Kivumbi aliudaka, watu wamemng'ang'ania mabegani kama kupe, na maji yakabaki yetu.

Desturi ilikuwa mdakaji akishavuka ataje jina, nalo litungiwe mdundo wa ngoma papo hapo. Wengine kabla yake walijitaja, hata waliowahi kudaka mafua tu. Kivumbi alimtaja mrushaji.

"Yeye ndiye aliyeona. Mimi nilifika tu."

Nasi, kwa ujinga wetu, tukamwamini.

Watu wa ng'ambo walipochoka kushindwa wakahama, Kivumbi alitundika njuga zake katika nyumba ya ngoma akaja kuaga. Manju Namwaka, aliyemshangilia tangu ujana hadi sauti ikamkauka, alishika mikwiro ya ngoma ampigie jina lake, maana asiyepigiwa siku ya kuaga hatajwi kwenye matambiko milele. Mikono ikasita hewani.

"Manju, umemeza mikwiro?" mzee mmoja akamchokoza.

"Hana mdundo," akasema Namwaka, uso chini. "Mdundo hutungwa uwanjani, mtu akingali na jasho. Nilimshangilia miaka yote, sikumtungia."

Kivumbi akatabasamu. "Nipigie wa mrushaji, dada yangu. Nao najua kuucheza."

Akaucheza mdundo wa mtu mwingine, akaucheza vizuri, akatoka. Hakuonekana tena, wala kaburi lake halijulikani.

Watu wakataka ngoma iendelee. Namwaka akatamka kwamba tangu siku ile, kabla ya kupigwa jina lolote, ngoma itanyamaza kwa kadiri ya mtu kukimbia uwanja mzima, na kimya hicho ndicho Kivumbi. Hata leo tunanyamaza, macho chini.

Kisha akaitundika mikwiro kando ya zile njuga, akatoka, akaufunga mlango, akatuacha ndani na aibu yetu.