Lori Lililosimama Juu ya Mawe

Mwanamke mmoja alikuwa na wana watatu na lori moja. Aliitwa Tusekile. Lori lilikuwa la marehemu mumewe: kuukuu, lenye pua ndefu na bodi la mbao, la namna ambayo haiundwi tena. Lilikuwa limebeba matofali ya kanisa, wagonjwa wa kijiji, na magodoro ya wale wana watatu walipokwenda shule ya bweni. Mwisho lilimbeba mwenye lori kwenda kaburini.

Baada ya maziko liliegeshwa kando ya nyumba, lisiguswe mpaka matanga yaanuliwe. Ndivyo walivyokubaliana. Lakini Ambakisye, mwana mkubwa, akapita kuomba betri, maana ya pikapu yake ilikuwa imekufa. Lugano akaja na jeki, akachukua matairi ya nyuma, akaacha mawe mahali pake. Gwakisa, wa mwisho, akafungua taa zote mbili za mbele akazifunga kwenye basi lake dogo. Kila mmoja alisema ni kwa muda tu. Tusekile hakumkatalia hata mmoja. Aliona kwamba kilichotoka kwa baba kikaenda kwa mwana hakijatoka nyumbani.

Matanga yalipoanuliwa, wana wakaja kwenye kikao. Tusekile alikuwa amejiandaa kuwaomba wasaidiane kulitengeneza lori, kwa kuwa viazi vyake vilikuwa vinaozea shambani na hakuwa na chombo kingine. Wao walikuja na mnunuzi wa chuma chakavu, na mzani wake.

Ambakisye alisema haliwaki. Lugano alisema haliendi. Gwakisa alisema halina hata macho, wakacheka, na Lugano akaongeza kwamba kuku wameshalirithi, maana wanataga kwenye kiti cha dereva. Kisha wakashusha sauti, kama watu walio mbele ya mgonjwa, wakamwambia mama asiumie moyo. Lori limefanya kazi yake, walisema, sasa lipumzike.

Tusekile akatazama nje ya mlango. Magari yao yalikuwa uani, yamejipanga, na taa za mumewe zilikuwa zinamtazama kutoka kwenye uso wa gari lingine. Akasimama.

“Ambakisye, mwanangu, fungua boneti ya pikapu yako,” alisema. “Na ninyi wengine, kila mtu arudishe alichochukua. Likikataa kuwaka hapo, nitamshikia huyu bwana mzani kwa mikono yangu.”

Mnunuzi wa chuma alikuwa wa kwanza kuelewa. Akabeba mzani wake, akamwomba mama radhi, akaenda zake. Gwakisa akatoka na bisibisi, akazirudisha taa bila kuinua uso. Ndugu zake wakasema njia ni ndefu, watakuja siku nyingine. Pikapu ikawaka mara moja.

Lori bado limesimama pale juu ya mawe, lina macho, halina miguu. Tusekile hakuliuza. Kila asubuhi anavifuta vioo vya taa, kisha anajitwika viazi kichwani, anashuka navyo sokoni kwa miguu.

Basi wewe unayekaa na ndugu zako na kusema mama yenu amechoka, haoni, hatembei: hapo kikaoni umefika kwa magurudumu ya nani?